UZI: Wanaosema Tanzania ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, "mengine yatajulikana mbele kwa mbele", nina neno kutoka Mwanza

#1 Mwana wa Baharia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Niko Igogo, Mwanza. Uzi utakuwa mrefu, nitauweka kwa vipande. Mwenye haraka asome kesho.

Juzi nilikuwa soko la samaki la Kirumba Mwaloni kumsindikiza mdogo wangu anayepeleka dagaa Kenya. Pale kwenye kahawa mjadala ukawaka: Wakenya wanatunyanyasa mpakani, Jumuiya imejaa wanachama wanane na wengine wana vita, kwa nini tusitoke? Kijana mmoja akasema tutoke tu, mengine yatajulikana mbele kwa mbele. Akapigiwa makofi.

Kutoka ni haki ya nchi huru, sina ugomvi na hilo. Na sisi tumeshawahi kutoka mahali. Septemba 2000 Tanzania ilijiondoa COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Ilitoa taarifa mapema, muda ukafika, ikatoka, na maisha yakaendelea kwa sababu mguu mwingine ulikuwa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na mwingine kwenye Jumuiya iliyokuwa ndiyo kwanza inafufuliwa. Lililoninyima usingizi ni yale maneno ya "mbele kwa mbele". Kutoka bila makubaliano ya nani anabaki na nini, nani anamlipa nani, na mzigo ulio njiani unakuwa wa nani. Hilo nimelelewa nalo nyumbani.

Marehemu baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, zile zinazobeba mabehewa. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, ya Jumuiya yenyewe Arusha. Kwa baba mipaka ilikuwa kitu cha kwenye ramani. Wiki hii Mwanza, wiki ijayo Kisumu, nyingine Port Bell kule Uganda. Mshahara mmoja, sare moja. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mjaluo wa Kisumu, sisi watoto tulimwita baba mdogo.

Mwanzoni mwa 1977 nilikuwa darasa la pili. Baba alirudi Mwanza na begi dogo tu. Sanduku lake la spana lilikuwa Kisumu, kwenye karakana, kwa sababu alikuwa arudi huko baada ya wiki mbili. Hakurudi.

Naendelea, msifunge uzi.

#2 Mwana wa Baharia

Vijana wengi wanadhani Jumuiya ya kwanza ilivunjwa kwa uamuzi, kwamba marais walikaa wakasema basi. Haikuwa hivyo, na ubaya wake ndio huo.

Mkataba ulisainiwa Kampala Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mwaka huohuo. Manung'uniko yalikuwepo tangu siku ya kwanza: viwanda vingi viko Kenya, Tanzania na Uganda zinakuwa soko. Kenya nayo ilikuwa na njia yake ya uchumi na sisi tuko kwenye Ujamaa. Januari 1971 huko Uganda Amin akampindua Obote, Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa kikao cha marais watatu, na kikao hicho hakikukaa tena. Hebu fikirini kampuni ya ndugu watatu ambao hawaonani miaka sita, lakini magari yake bado yako barabarani.

Ikaanza kudondoka kipande kimoja kimoja. Fedha za reli zikawa hazipelekwi makao makuu, kila upande unashikilia za kwake. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama, na Kenya ikaanzisha la kwake. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukaisha bila bajeti mpya kupitishwa. Jumuiya ikafa hapo. Hapakuwa na waraka wa talaka wala orodha ya vyombo vya nyumba.

Kila mtu akabaki na kilichokuwa mkononi. Kwenye ziwa letu, meli ya Victoria na ile ya mabehewa iitwayo Umoja zikabaki Tanzania. Pacha wa Umoja, iitwayo Uhuru, ikabaki Kenya. Uganda ikaja kujinunulia meli za mabehewa miaka ya themanini. Chelezo kikubwa na karakana vilikuwa Kisumu, kule Victoria yenyewe ilikounganishwa. Kwa hiyo sisi tuna meli, wenzetu wana mahali pa kuzitengenezea, na kati yetu mpaka umefungwa. Baba alikuwa akituonyesha pampu iliyochongewa kipuri Mwanza kwa kubahatisha, kwa sababu kipuri halisi kilikuwa kwenye rafu aliyoijua kwa namba, ng'ambo ya maji.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Hesabuni wenyewe.

Sasa sikilizeni hapa ndugu zangu: makubaliano hayakuepukwa. Alitafutwa msuluhishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, akazunguka miaka kuhesabu mali na madeni, na tarehe 14 Mei 1984 mkataba wa mgawanyo ukasainiwa Arusha. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Karatasi ileile ambayo ingeandikwa 1977 watu wakiwa bado wanasalimiana, iliandikwa miaka saba baadaye, Uganda ikiwa imeshapita kwenye vita, ndege zimechakaa, na wastaafu wanakufa. Malipo ya wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya yalikuwa bado yanagombaniwa mahakamani miaka ya 2000. Baba alienda ofisi moja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na faili kila siku liko meza nyingine. Alifariki bila kulipwa.

#3 Kijana wa Nyakato

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa mzee. Ila hiyo ni historia ya vita baridi na Amin. Dunia ya leo ni tofauti. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya, walitishiwa wataona moto, na leo wapo, ligi tunaangalia kama kawaida. Kwa nini sisi tutishwe na mizimu ya 1977? Tukiwaonyesha Wakenya kwamba tuko tayari kuondoka hata bila mkataba, watashuka bei. Mnunuzi asiyejua kugeuza mgongo dukani hapunguziwi.

#4 Mwana wa Baharia

Marahaba kijana. Umeuliza vizuri, na mfano wako wa dukani ndio uleule waliouishi Waingereza kwa miaka minne. Ngoja niende nao taratibu, maana nimeufuatilia sana.

Walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka, 48.1 wakataka kubaki. Swali kwenye karatasi lilikuwa kubaki au kutoka. Kutoka kwenda wapi, hakikuandikwa. Ndani ya ile asilimia 51.9 kulikuwa na mtu anayetaka soko moja libaki, na mtu asiyetaka hata kuisikia Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, wote tiki moja.

Januari 2017 Waziri Mkuu Theresa May akasema kutokuwa na mkataba ni afadhali kuliko mkataba mbaya. Ndiyo silaha yako hiyo ya kugeuza mgongo. Machi 29, 2017 akapeleka barua ya kujitoa. Barua ile ina saa ndani yake: miaka miwili, baada ya hapo uko nje, uwe na karatasi au usiwe nayo. Kijana wangu, dukani ukigeuza mgongo muuza duka ndiye anayekuita. Hapa aliyegeuza mgongo ndiye aliyekuwa na saa inayomhesabia, na wenzake 27 wamekaa.

Mkataba ulipokuja bungeni Januari 15, 2019 ulipigwa kura 432 kwa 202. Hakuna serikali ya Uingereza iliyowahi kushindwa kwa tofauti kubwa hivyo katika siasa za zama hizi. Ukarudi Machi 12, ukashindwa. Ukarudi Machi 29, siku ileile waliyotakiwa wawe wameshatoka, ukashindwa tena. Kati ya hapo bunge likapiga kura 321 kwa 278 kwamba hatutaki kutoka bila mkataba. Safi. Halafu likawekewa njia nane mezani, likazikataa zote nane. Siku chache baadaye njia nne, zote nne zikakataliwa.

Hapo ndipo nataka mkae kidogo. Bunge lilikataa kila mkataba, na likakataa pia kutoka bila mkataba. Lakini tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye sheria, na tarehe haipigi kura. Asiyechagua chochote alikuwa amechagua kutoka mikono mitupu. Ndiyo bajeti yetu ya Juni 30, 1977. Hakuna aliyesimama akasema naivunja Jumuiya. Walishindwa tu kukubaliana mpaka siku ikafika.

Na kule kutoka bila mkataba kulianza kama tishio la kuwatisha Wazungu wenzao, kukaishia kuwa imani. Chama kilichoundwa mwanzoni mwa 2019 kikaongoza uchaguzi wa bunge la Ulaya mwezi Mei kwa kusema tutoke hata mikono mitupu. May akajiuzulu. Akaja Boris Johnson Julai, akasema Oktoba 31 tunatoka, kufa au kupona. Akalisimamisha bunge kwa wiki tano. Mahakama ya Juu, majaji wote 11, ikasema ni batili. Wabunge 21 wa chama chake mwenyewe waliopiga kura kuzuia kutoka bila mkataba wakafukuzwa kwenye kundi la chama. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Winston Churchill. Hebu fikirieni siasa zimefika mahali gani, mtu anaonekana msaliti kwa kutaka karatasi iwepo kabla ya kuhama nyumba.

Sasa swali lako, mbona wapo. Wapo kwa sababu HAWAKUTOKA bila mkataba. Johnson mwenyewe alirudi na mkataba Oktoba 2019, akashinda uchaguzi Desemba, wakatoka Januari 31, 2020, na bado wakapewa miezi kumi na moja ambayo kila kitu kilibaki kama zamani ili wazungumze biashara. Mkataba wa biashara ulipatikana Desemba 24, 2020, zikiwa zimebaki siku saba.

#5 Dada Mwaloni

Kaka umenikuna. Mimi ni wa hapohapo Kirumba, dagaa na furu waliokaushwa. Wateja wangu ni Wakongo, Warundi na Wakenya. Hawa wasomi wanazungumza Jumuiya kama jengo la Arusha, mimi Jumuiya naijua kwa gunia.

Mwaka 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu mwezi wa tatu kwa sababu ya sumukuvu, zuio lilikuwa la siku chache tu. Mahindi, siyo dagaa. Lakini nina fuso langu lilikuwa njiani kwenda mpakani Sirari na dereva akasimama Tarime kwa woga, hajui na sisi tunahusika au la. Siku tatu. Ilikuwa mvua. Dagaa aliyekauka vizuri ukimshika anavunjika kama ukuni mkavu, anang'aa fedha. Nilipofungua kile kiroba cha chini alikuwa laini, ananata vidoleni, tumboni ameanza rangi ya kutu. Huyo hawezi tena kuliwa na mtu, anakwenda kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Sikufungiwa mpaka mimi. Ni kutojua tu.

Sasa mtu aniambie tutatoka bila mkataba, maana yake kila siku ni siku ya kutojua.

#6 Mwana wa Baharia

Dada yangu, hiyo ya Tarime ni somo tosha. Waingereza nao serikali yao ilijua. Januari 7, 2019 walifanya zoezi la foleni ya malori kuelekea bandari ya Dover, ambako siku yenye kazi nyingi hupita hadi malori 10,000. Wakayapanga kwenye uwanja wa ndege wa zamani uitwao Manston. Yalikuja malori 89. Kabla ya hapo walikuwa wamempa mkataba wa pauni milioni 13.8 mtu wa kuendesha vivuko vya dharura, ikagundulika hana meli hata moja. Wakaufuta Februari.

Na hata baada ya mkataba kupatikana, angalieni wavuvi. Wavuvi wa Uingereza wengi walitaka kutoka, wakiamini bahari yao itarudi. Samaki wanaovuliwa kule, sehemu kubwa wanaliwa Ulaya: kaa, kambakochi, kome. Januari 2021 kila kreti ikahitaji cheti cha afya, tamko la forodha, ukaguzi. Mzigo uliokuwa unafika Ufaransa usiku mmoja ukawa unachelewa na kuoza. Tarehe 18 Januari malori ya samaki kutoka Scotland na kwingineko yalikwenda kupaki jirani na ofisi ya Waziri Mkuu London kulalamika. Hao ni watu waliopata mkataba, wenye ushuru sifuri! Wangetoka mikono mitupu ingekuwa vyeti hivyohivyo pamoja na ushuru juu.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, nilikuwa nafanya kazi ya kupakua sangara kiwandani. Boti zinafika, sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu amelala kwenye barafu, na karani anatoka anatikisa kichwa. Mchana ule yule samaki alikuwa anakatwa vipande na kuuzwa mtaani kwa bei ya sato mdogo. Wiki iliyofuata jina langu halikuwepo kwenye orodha ya vibarua.

#7 Mwalimu Mstaafu

Mwanzisha uzi umefanya kazi nzuri, ila nikurekebishe kidogo. Huwezi kufananisha moja kwa moja. Mkataba wa sasa wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha Novemba 30, 1999, una ibara ya 145 inayoeleza jinsi ya kujitoa. Inataka azimio la bunge la nchi husika kwa theluthi mbili ya wabunge wote, halafu taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Na ndani ya miezi hiyo nchi inaweza kuifuta taarifa yake. Kwa hiyo hali ya 1977 haiwezi kujirudia kirahisi. Waliotunga waliyaona ya nyuma.

#8 Mwana wa Baharia

Shikamoo Mwalimu. Nimekubali marekebisho, na ni kweli theluthi mbili ni ukuta mrefu kuliko ule wa Waingereza waliotumia kura ya wengi tu. Ila nisomee tena ibara ile. Inasema lini unatoka na nani anaamua. Haisemi mzigo wa dada wa Kirumba utatozwa nini asubuhi ya siku ya 366. Waingereza walikuwa na ibara yao pia, ya 50, ina miaka miwili mizima, na haikuwaokoa. Ibara inakupa mlango na saa. Makubaliano unayatafuta mwenyewe.

Na saa inaweza kupuuzwa. Januari 2024 Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kutoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo, wakati mkataba wao ulitaka mwaka mmoja. ECOWAS ikasema mwaka utahesabiwa, na ilipofika Januari 29, 2025 ikatambua wametoka, lakini ikawaomba wanachama wake waendelee kutambua pasi zao za kusafiria na bidhaa zao mpaka mazungumzo yaishe. Mnaona? Hata waliotoka kwa hasira, mezani wamerudishwa. Na Waingereza vilevile. Mei 2025 wamekubali meli za Ulaya ziendelee kuvua kwenye maji yao hadi 2038, huku wanatafuta makubaliano mapya ya vyakula ili vile vyeti vya samaki na nyama vipungue. Miaka tisa baada ya kura.

#9 Kijana wa Nyakato

Mzee nimekusoma. Lakini bado kuna Eneo Huru la Biashara la Afrika nzima. Tukitoka Jumuiya si tunauziana na Kenya kupitia huko?

#10 Mwana wa Baharia

Swali zuri sana. Lile linashusha ushuru kwa ratiba, asilimia 90 ya bidhaa kwanza, nchi maskini zaidi zikipewa miaka kumi kushusha na zilizotangulia miaka mitano. Ni ngazi, unapanda kidogo kidogo. Jumuiya yetu ilishamaliza ngazi hiyo: umoja wa forodha ulianza Januari 2005, soko la pamoja Julai 2010. Kuacha nyumba iliyokwisha kuezekwa ukahamie kwenye kiwanja chenye msingi, uwe na sababu.

Tufanye hesabu ya dagaa. Leo dada akiwa na mzigo wa chini ya dola 2,000 na ni bidhaa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, anajaza cheti cha uasilia kile kilichorahisishwa palepale Sirari, kituo ni kimoja cha pamoja, hatozwi ushuru wa forodha. Tukiwa nje bila mkataba, kwa bidhaa ambazo ngazi ile ya Afrika haijazishusha, Kenya inatakiwa ituhesabu kama inavyomhesabu mgeni yeyote, kwa ushuru wa pamoja wa nje: bidhaa iliyokamilika kwa kawaida ni asilimia 25, na kuna zilizopandishwa hadi 35 tangu Julai 2022. Hata Mkenya anayetupenda hawezi kutusamehe, kwa sababu ushuru ule si wake peke yake. Na SADC haitusaidii hapo, Kenya na Uganda hazimo. COMESA zimo, sisi tulitoka. Kwa upande wa ziwa, kamba tuliyoishika ni hii.

Kuna jambo lingine wengi wamelisahau. Julai 2016, wiki chache tu baada ya Waingereza kupiga kura, Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa biashara kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa hiyohiyo Brexit, kujitoa kwa Waingereza: tunasaini na nani wakati mteja mkubwa anaondoka? Binafsi naona tulikuwa na hoja. Sisi kama nchi maskini zaidi tunaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila mkataba ule. Kenya haiko kundi hilo, maua yake yangetozwa, ikasaini Septemba pamoja na Rwanda. Baadaye ikajisainia na Uingereza peke yake Desemba 2020, na na Ulaya Desemba 2023. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Lakini Jumuiya iliyotakiwa kuongea kwa sauti moja iliongea kwa sauti tatu, na kura iliyopigwa London ilitugawa sisi huku ziwani. Ndiyo maana nasema tusidhani siasa za kutoka zinaishia kwa anayetoka.

#11 Mkurya wa Sirari

Nyongeza fupi. Huko Uingereza kilichowashinda zaidi ni mpaka wa Ireland, kama kilomita 500, watu ndugu pande zote na waliwahi kuuana, wakapatana 1998. Wakaogopa kuurudishia vizuizi. Mkataba wa May ulizama hapohapo. Sisi Wakurya tunaelewa bila mkalimani. Shangazi yangu aliolewa Isebania, upande wa Kenya, mwaka 1976. Msiba wa babu 1979 alipita porini usiku na mtoto mgongoni ili amzike baba yake, nyumba tunaionea moshi. Mtu anayesema mbele kwa mbele aje aulize huku.

#12 Kijana wa Nyakato

Dah. Hiyo ya kuzika sikuijua.

Bado naamini Kenya inatuonea kwenye mengi, na sisi tunawajibu kwa kuchoma vifaranga vyao Namanga kama 2017. Lakini nimebadilisha sentensi yangu. Mtu akiniambia tutoke, nitamuuliza karatasi iko wapi.

#13 Mwana wa Baharia

Na mimi sikatai manung'uniko, kijana. Yaandikwe, yapelekwe Arusha, bunge liyadai kwa sauti. Ikifika siku Watanzania wakaona hapa si mahali petu, tutoke kwa ile theluthi mbili na ile miezi 12, huku jedwali la ushuru, mafao ya watumishi, meli, mabomba, wanafunzi walioko vyuo vya wenzetu, vyote vimeandikwa kabla. Na wananchi wa Sirari, Mutukula na Kirumba wawe wameulizwa kwanza.

#14 Jakisumu

Wakuu salamu kutoka Kisumu. Nimefuata huu uzi usiku mzima. Mzee wangu alifanya kazi bandarini hapa miaka hiyo, lakini upande wa mizigo, si mitambo, hakumfahamu baba yako, nimemuuliza. Anasema mwaka huo walikuja kazini asubuhi wakakuta nembo imefunikwa rangi na hakuna aliyewaambia chochote. Uhuru ilikaa hapa imelala miaka mingi, ikatengenezwa, ilirudi majini mwishoni mwa 2019 kubeba mafuta kwenda Port Bell. Poleni kwa mzee. Naomba kuuliza, lile sanduku lilipatikana?

#15 Mwana wa Baharia

Asante sana ndugu yangu, msalimie mzee, mwambie shikamoo yangu ifike.

Lilipatikana. Mwaka 1984, mpaka ukiwa umefunguliwa, baba mdogo alilituma na gari la mizigo mpaka Sirari, likaja Mwanza kwa basi. Nilikuwepo likifunguliwa. Kila spana ilikuwa imepakwa grisi na kufungwa kipande chake cha gazeti, moja moja, na magazeti yalikuwa ya miaka tofauti. Alikuwa akizifungua na kuzipaka upya kila zilipoanza kukauka. Miaka saba. Baba alizitandaza kwenye kanga ya mama sakafuni, akahesabu, zikatimia, akainuka akaenda nje.

Umoja nayo ilirudi safari za Port Bell 2018. Ikitia nanga Mwanza Kusini nikisikia honi yake huku Igogo huwa nasimama.

Dada Mwaloni, kesho nakuja kwa ajili ya lile la cheti. Beba kitambulisho na ankara ya mzigo, tutajaza pamoja kabla fuso halijaondoka.